Mwalimu wa Chaliapin naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Fyodor Chaliapin, yule Mrusi aliyeimba besi katika opera, nimeisoma mara mbili, na nashukuru mmemkumbuka. Naimba sauti ya nne kanisani mwaka wa 27 sasa, na ni nadra kuona gazeti likimpa mwimba besi ukurasa mzima. Sifa huenda kwa sauti za juu, soprano ya kike na tena ya kiume. Ila kuna sentensi moja imenikwama rohoni: kwamba Chaliapin alizaliwa na sauti yake, na mengine yote yakaja yenyewe. Hapo sikubaliani nanyi.

Sauti alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini alizaliwa Kazan mwaka 1873, mtoto wa karani wa kipato kidogo aliyependa pombe. Akiwa mdogo alipelekwa kwa fundi viatu ajifunze kazi. Aliimba kwaya za kanisa, kisha akazurura na vikundi vya maigizo mji hadi mji. Miaka yote hiyo sauti ilikuwa kooni mwake na haikumwondolea njaa. Mwaka 1892, akiwa Tiflis, mji tunaouita leo Tbilisi huko Georgia, alikuwa kijana wa miaka 19 aliyekwishaonja kulala na njaa, akipata riziki kwa ukarani wa reli.

Huko ndiko alikobisha hodi kwa Dmitri Usatov, mwimbaji wa sauti ya tena aliyewahi kuimba Bolshoi, jumba la opera la Moscow, na ambaye sasa alikuwa akifundisha uimbaji. Makala yenu haikumtaja hata kwa jina. Usatov alimsikiliza, akaamua kumfundisha bila ada, akamtafutia na mfadhili wa kumpa fedha kidogo kila mwezi. Katika kumbukumbu zake Chaliapin anasimulia kwamba siku moja mwalimu alimwambia waziwazi kuwa ananuka, na mke wa mwalimu angempa nguo za ndani na soksi ajisafishe. Mwalimu huyo alikuwa akimlisha mezani kwake, na hapo hapo mezani akamfundisha kula mbele za watu. Kwenye somo lenyewe alikazania pumzi: sauti iegemee pumzi, isisukumwe na koo. Tena ni yeye aliyemfungulia muziki wa Mussorgsky, mtunzi wa Kirusi, ambao baadaye ndio uliompa jina duniani.

Naujua uzito wa hilo la pumzi. Nilipoingia kwaya nikiwa na miaka 18 nilidhani besi ni kunguruma. Nilikuwa nashusha kidevu hadi kifuani na kukaza shingo, na tukimaliza nyimbo mbili koo linawasha kama nimemeza pilipili. Mwalimu wetu wa kwaya, Mungu amrehemu, alinilaza chali kwenye benchi la kanisa, akaniwekea kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, akaniambia nihesabu hadi ishirini kwa pumzi moja, kitabu kishuke taratibu bila kutikisika. Wiki tatu nzima sikuruhusiwa kuimba hata noti moja. Wala hakuwahi kunidai hata senti.

Na Chaliapin hakuacha kufundishwa alipoanza kupigiwa makofi. Mwaka 1896 alijiunga na opera binafsi ya tajiri Mamontov mjini Moscow, na huko Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano, kijana mwenzake, alikaa naye kwenye piano wakiupitia muziki wote wa *Boris Godunov*, opera ya Mussorgsky kuhusu mfalme wa Urusi wa jina hilo, si sehemu yake peke yake. Akamwendea pia mwanahistoria Klyuchevsky amweleze watu wa enzi za mfalme huyo walivyoishi. Alipomwigiza Boris jukwaani mwishoni mwa 1898, alikuwa na umri wa miaka 25, na nyuma yake walikuwapo walimu watatu. Habari za La Scala, jumba la opera la Milano, mwaka 1901, New York, Paris, kuondoka Urusi mwaka 1922 na kifo chake Paris mwaka 1938 mmezieleza vizuri, sina la kuongeza.

Ila naomba wasomaji wenu wasikilize kitu kimoja. Kuna rekodi iliyochukuliwa mubashara katika jumba la opera la Covent Garden, London, mwaka 1928, ya Boris akifa. Kijana mmoja wa kwaya yetu alinitafutia kwenye simu, nikaisikiliza nimekaa barazani, mvua inanyesha. Mfalme anamuusia mwanawe kwa sauti ya chini kabisa, kengele inalia, kwaya inaimba kwa mbali. Ghafla anapaza sauti kwamba yeye bado ni mfalme. Kisha sauti inakatika, anaomba msamaha kwa maneno ambayo ni kama mtu anayeongea, hata kuimba kumemshinda. Kelele za besi anaweza kuzipiga yeyote mwenye kifua. Ile sauti nyembamba ya mwisho, inayofika siti ya nyuma kabisa bila kipaza sauti, ndiyo inayotaka pumzi iliyofundishwa, na pumzi hiyo alifundishwa Tiflis, na mtu ambaye hakuchukua ada.

Mkiirudia makala hiyo, naomba muongeze aya moja tu ya Usatov.

Hapa kwetu mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Benchi lile bado lipo, mbao zake zimelainika katikati. Mwezi huu tuna vijana wawili wapya wa besi, wanalilalia kwa zamu na kitabu tumboni, na mmoja wao jana amefika kumi na saba.

Mwimba besi,
Morogoro