Mzee hakudanganya, Knott's zamani ulikuwa unaingia bure

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Mombasa alituachia voisi WhatsApp ya dakika nne nzima, kali kidogo. Anakuja California na mume wake na watoto watatu kumtembelea kaka yake Riverside, sasa tukamtumia bei ya siku moja Knott's Berry Farm, ile bustani ya michezo ya Buena Park, tiketi, gari na kila kitu, akampigia simu baba yake kumhadithia. Na huyo baba, kumbe, alisoma huku miaka ya 60 mwanzoni, wale vijana wa enzi za kupelekwa Marekani kwa ndege. Mzee akamwambia mwanangu hao wanakuibia, pale Knott's sisi tulikuwa tunaingia bure, tunatembea, tunaangalia mambo ya kikauboi, tunakula kuku tunarudi zetu.

Tulicheka, halafu tukamwambia dada ukweli: mzee hadanganyi hata kidogo. Na sisi hatuibi.

Swali hili si la kwanza, kila ikikaribia Juni linarudi kwa sura nyingine, mara "shangazi alikuja mwaka 95 hakulipia kitu fulani", mara "mbona nikiwa na dola zangu mkononi sinunui soda", kwa hiyo tumeona bora tuandike mara moja tuwe tunatuma linki. Kwa asiyetujua, sisi ni magari mawili na watu watatu, tunachukua familia za Waswahili wanaokuja kutembea kusini mwa California, tunawapokea uwanja wa ndege, tunawazungusha, tunawatafsiria, na Knott's ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote. Ndiyo, kuliko Disneyland, mtatusamehe.

Sasa hadithi yenyewe inaanzia shambani. Mwaka 1920 Walter Knott na mke wake Cordelia walifika Buena Park wakakodi ekari 20 pamoja na binamu yake Walter, wakalima matunda ya aina ya beri wakawa wanayauza kwenye kibanda pembeni ya barabara, biashara ile ile unayoiona ukitoka Dar kwenda Morogoro, machungwa yamepangwa mafungu. Umaarufu ukaja na tunda moja. Kulikuwa na bwana mmoja Anaheim, Rudolph Boysen, alikuwa amejaribu kuchanganya mbegu akapata tunda kubwa lakini akaliacha, miche ikawa inakufa kwenye shamba la zamani. Walter akaiokota ile michache iliyobaki, akaihudumia mpaka ikasimama, na mwanzoni mwa miaka ya 30 akaanza kuyauza kwa jina la boysenberry, kumpa heshima mwenyewe. Ukiliona utasema forosadi iliyonenepa, jeusi linaelekea zambarau, ukilibonyeza tu vidole vyote vimechafuka, na uchachu wake unakubana pembeni ya taya kabla utamu haujafika.

Juni 1934, hali ya uchumi mbaya Marekani nzima, Cordelia akaona ajaribu kuuza na chakula. Siku ya kwanza alipika kuku wa kukaanga akauza sahani nane tu, senti 65 kila moja, na sahani zenyewe zilikuwa zile za harusi yake. Mama anatoa vyombo vya kabatini, vile ambavyo kwetu hata mgeni wa posa anafikiriwa mara mbili, anawapakulia wapita njia. Basi kuku akakubalika. Miaka michache mbele watu walikuwa wanakuja kwa maelfu siku za Jumapili na kusubiri meza masaa.

Hapo ndipo pa kushika, kwa sababu hii bustani yote unayoiona leo imezaliwa na ile foleni ya kuku. Walter aliona watu wamesimama juani wamechoka, akaanza kuwatafutia vitu vya kuangalia, mara gurudumu la maji, mara bustani ya mawe, mara nyuki ndani ya kioo, mara volkano ya uongo inayotoa moshi, halafu mwaka 1940 akaanza kujenga Ghost Town, mji mzima wa mahame wa wakati wa wachimba madini. Na haukuwa mchezo wa kubuni tu, bibi yake mzaa mama alivuka jangwa kwa mkokoteni mwaka 1868 akiwa na mama yake Walter mtoto mdogo, na Walter alitaka watu waione safari ile. Akazunguka majangwani akinunua majengo yaliyoachwa, anayabomoa anayaleta Buena Park anayasimamisha upya. Mengine ni ya kuiga, mengine ndiyo yenyewe, mbao zimepasuka kwa jua la miaka mia na zaidi.

Alienda mbali zaidi, mwaka 1951 alinunua mahame kamili, mji wa machimbo ya madini ya fedha wa Calico kule jangwa la Mojave, ambako mwenyewe aliwahi kufanya kazi ujanani, akaukarabati halafu 1966 akawapa serikali ya jimbo dogo la San Bernardino. Mpaka leo upo, pembeni ya barabara ya I-15 karibu na Barstow, kwa hiyo wateja wetu wanaokwenda Las Vegas huwa tunawaambia tusimame pale, watoto wanyooshe miguu waone mji ambao ule wa Knott's ni kivuli chake.

Kwa hiyo enzi za baba yake dada wa Mombasa, sehemu ilikuwa wazi. Hakuna geti. Unapaki, unaingia, unatembea Ghost Town bure kabisa, ukitaka kupanda treni ya mvuke iliyoanza mwaka 1952 au kuingia kwenye mgodi wa Calico Mine Ride uliofunguliwa 1960 ndipo unalipa, kila kitu na tiketi yake. Hata Disneyland ilipofunguliwa pale Anaheim Julai 1955, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kwa gari, watu walidhani Knott's imekwisha, inasimuliwa kwamba Walter na Cordelia walikwenda kwenye ufunguzi na waliporudi kwao wakakuta sehemu yao ya kupaki imejaa. Jirani kumbe kawaletea wateja.

Uzio ulikuja 1968. Hapo ndipo geti lilipowekwa na watu wakaanza kulipia kiingilio, na kwa maoni yetu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko rola kosta zote zilizofuata, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi, maana bila kiingilio eneo ni mtaa, mtu anakatiza tu, ukishaweka kiingilio mtu anataka thamani ya hela yake, na wewe mwenye eneo inabidi uendelee kuongeza vitu. Wakaongeza kweli. 1969 ikaja ile ya magogo inayoteremka na maji, mtu wa kwanza kupandishwa alikuwa John Wayne, yule kauboi wa sinema, wazee wenu watamkumbuka. 1973 wakaanza usiku wa kutisha wa Oktoba, unaitwa Scary Farm. 1975 ikaja Corkscrew, rola kosta iliyokuwa inawageuza watu kichwa chini miguu juu, siku hizi iko Idaho kwenye bustani nyingine. 1983 wakafungua Camp Snoopy ya watoto wadogo.

Cordelia alifariki 1974, Walter 1981, watoto wakaendesha mpaka 1997 familia ikauza kwa kampuni ya Cedar Fair, na Cedar Fair nayo mwaka 2024 ikaungana na Six Flags, kampuni nyingine ya bustani kama hizi. Baada ya kuuzwa ndipo ilipoanza kasi ya mashine kubwa: GhostRider ya mbao mwaka 1998, urefu wa kwenda juu kama mita 36, na 2002 ikaja Xcelerator ambayo inakutoa kwenye kusimama mpaka kilomita 130 kwa saa ndani ya sekunde mbili na ushee. Mmoja wetu aliipanda mara moja. Haulizwi habari zake.

Kuna watu wanalalamika kwamba shamba limeuawa. Sisi hatuoni hivyo sana, maana ukiingia na mtu anayejua, tabaka zote bado zipo, ila zimefunikana, na mgeni asiyejua anakimbilia mashine anatoka jioni hajui hata kwamba amepita kwenye mji wa mtu. Kinachotusumbua sisi ni mambo madogo ya siku hizi ambayo mjomba na shangazi hawawezi kukwambia kwa sababu wakati wao hayakuwepo.

La kwanza hela taslimu. Ndani hawapokei noti, ni kadi au simu, na kuna mashine za kubadili noti ziwe kadi. Hili tulilijifunza kwa aibu. Kiangazi kimoja tulimpeleka bibi wa Tanga na wajukuu kwenye bustani moja ya hapa hapa kusini ya mtindo huu huu, tukawashusha getini tukaondoka, hatukumwambia. Bibi alikuwa na dola mia mbili kwenye fundo la kanga, amezipanga vizuri, na akakaa masaa mawili na kiu kwenye joto la nyuzi 34 akidhani yule kijana wa dukani anamkataa yeye, siyo noti zake. Wajukuu walikuwa kwenye foleni hawana habari. Kosa lilikuwa letu asilimia mia, na toka siku hiyo hatushushi mtu tukaondoka, mmoja wetu anaingia na nyinyi mpaka mkae sawa, na kama huna kadi ya benki tunabadilisha pamoja kabla hujasikia kiu.

La pili vijana. Tangu 2022 kuna sheria ya watoto wa umri fulani kuongozana na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, ililetwa baada ya vurugu za vijana, na umri na siku zinazohusika zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo ukitaka kuwaacha watoto wa miaka 15, 16 wazunguke wenyewe wewe uende madukani tuambie mapema, tunaangalia sheria ya siku yako yenyewe. Usije ukategemea kaka yao wa miaka 19.

Kupaki kunalipiwa, tiketi ya mtandaoni kwa kawaida ni nafuu kuliko ya getini, na kuna kitu kinaitwa Fast Lane, unaongeza hela unaruka foleni. Sisi hatumuuzii kila mtu hiyo. Kama mna watoto chini ya miaka saba mtashinda Camp Snoopy, Fast Lane ni hela ya kutupa, bora mle. Na ile Scary Farm ya Oktoba watoto wadogo hatuwapeleki hata mzazi akisisitiza, wenyewe wanasema haiwafai walio chini ya miaka 13, na mtoto akishapiga kelele usiku kucha hotelini anayepigiwa simu ni sisi.

Siku yetu tunaipanga hivi. Asubuhi kabla ya geti tunavuka Beach Boulevard kwenda kwenye jengo la Independence Hall, ni nakala ya lile la Philadelphia, Walter alilijenga 1966 tofali kwa tofali, na kuliona ni bure mpaka leo, kwa hiyo mzee akija tunamwambia hapa hujaibiwa. Halafu tunaingia na moja kwa moja Ghost Town, siyo rola kosta, hata vijana wakinuna, maana asubuhi ndipo kuna kivuli na unaweza kumsimamia fundi wa chuma dirishani ukaona cheche zinavyoruka hakuna mtu wa kukusukuma. Treni tunapanda mapema, na tunawaonya watoto kwamba majambazi watapanda na bastola, ni maigizo, mtoto mmoja wa Moshi aliwahi kuwapa saa yake kweli.

Kuku bado wapo. Hoteli ya Mama Knott iko nje ya geti, humo hulipi kiingilio, kuku anakuja na viazi vya kusaga na mikate laini, na mwisho pai ya boysenberry. Kwa Waislamu, sisi hatumwambii mtu kuku ni halali, kama unachunga hilo tunawapeleka Little Arabia, mtaa wa Waarabu kule Anaheim, barabara ya Brookhurst, halafu tunarudi kwa ajili ya pai. Ukija majira ya kuchipua utakuta na sikukuu ya boysenberry, mpaka sosi ya nyama wanaiweka humo, sisi hatushauri lakini wapo wanaoipenda.

Tulimwandikia dada haya yote, marefu kuliko hapa. Akatusoma kimya siku mbili. Juzi akajibu kwamba wanakuja Agosti na idadi imebadilika, siyo watano tena ni sita, mzee naye anakuja, ana miaka themanini na kitu na magoti yanamsumbua. Mzee ameuliza jambo moja tu, kama lile gurudumu la maji bado linazunguka. Tumemwekea kiti cha mbele na kiti cha magurudumu cha kukodi pale getini tumeshakihesabu kwenye bei.