Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: tope la mahandaki si takataka

Mheshimiwa Waziri,

Handaki la kale, yaani mfereji mpana wa maji unaozunguka nyumba, likiwa limeorodheshwa chini ya sheria ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale, haliguswi bila kibali chako. Kwa hiyo tunakuandikia wewe, hasa kuhusu maombi yenye maneno mawili tu: "kusafisha handaki".

England ina maelfu ya mahandaki haya ya maji. Mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350 kuzunguka nyumba za mabwana wa vijijini, na yamejaa zaidi kwenye udongo mzito wa mfinyanzi wa Essex na Suffolk. Ngome hayakuwa. Handaki lilimchelewesha mwizi, lilifugiwa samaki na, kwa maoni yetu, lilimtambia jirani kuliko lilivyomtisha adui.

Mwenye shamba huona tope jeusi, akakodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Tabaka la juu ni majani yaliyooza juzijuzi, hilo halina neno. Chini yake ndiko penye mali: tope lisilopata hewa hutunza nguzo za daraja, soli za viatu, mbegu na chavua. Likipandishwa juani, ngozi hukakamaa na mbao hupasuka. Meno ya kijiko yakitoboa udongo wa mfinyanzi ulio chini na kufika kwenye changarawe, maji huvuja, na handaki lililodumu miaka 700 hukauka.

Mara nyingi maji yakipungua, hata tatizo si tope. Mfereji wa kuingiza maji umeziba, au mabomba ya kukausha shamba la jirani yanavuta maji. Hayo yakaguliwe kwanza.

Tunaomba kila ombi lije na sampuli za udongo za keekee ya mkono (chombo cha kutoboa ardhi), zilizotolewa kwa mstari kutoka ukingo hadi ukingo, zikionyesha tope jipya linaishia wapi. Kazi isimamiwe na mwanaakiolojia, kwa bakuli la kijiko lisilo na meno, kijiko kikisimama nje ya handaki. Wakati mzuri ni vuli ya Uingereza, salamanda wenye kishungi (wanyama wadogo kama mijusi, wa majini na nchi kavu) wanaolindwa na sheria wakiwa wengi wao wameshatoka majini. Sehemu moja ya handaki iachwe kama ilivyo.

Na tope lililotolewa lisimwagwe kwenye kisiwa cha katikati. Misingi ya nyumba huwa imelala pale, wakati mwingine chini kidogo tu ya nyasi, na lori moja lililojaa linatosha kuivuruga.

Wako,
Wafuatiliaji wa mahandaki ya kale