Mchele wa sadaka tumeupeleka, sasa tufungue nyumba

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wazanzibari wenzangu, wa Unguja na wa Pemba, juu ya watoto wanaolelewa vituoni.

Kila Ramadhani ikikaribia, na tena siku za Idi, vituo hupokea mchele, unga wa ngano, mafuta, sukari, tende na nguo. Huja mabenki, huja makampuni, huja vikundi vya kinamama vya kuweka na kukopa ambavyo vyenyewe havina kikubwa. Mwenyezi Mungu awalipe wote. Lakini Idi ikipita wageni hurudi makwao, na mtoto hubaki pale pale na mlezi ambaye zamu yake ikimalizika naye huenda kwake. Ninachoomba ni hatua ya pili baada ya sadaka. Wale kati yetu wenye nafasi, afya na moyo wa kulea, tuwachukue baadhi ya watoto hawa tukaishi nao, kwa njia ya kafala, yaani kumlea mtoto kama wako bila ya kumbadilishia nasaba, na tuandikishane mbele ya sheria.

Njia hiyo ipo. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, namba 6 ya mwaka 2011, mbali na ile ya Bara ya 2009, na sheria yetu inaitambua kafala. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia ya kumlea mtoto aliyekosa familia. Kwa hiyo anayedhani kuwa hapa pana mambo mawili tu, kumwacha mtoto kituoni au kumfanya wako kwa njia ya kizungu, hakuelezwa sawasawa.

Wengi ninaozungumza nao hunijibu kwa mkato: "Bi mkubwa, dini hairuhusu." Nimelisikia hilo barazani, nimelisikia kwenye shughuli, nimelisikia kwa watu waliosoma. Dini imekataza kumvua mtoto nasaba yake na kumpa isiyokuwa yake. Aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab zinataka watoto hawa waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ni ndugu zetu katika dini. Zayd bin Haritha, aliyelelewa na Bwana Mtume (S.A.W.), alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad. Aya iliposhuka alirudi kwenye jina la baba yake, lakini mapenzi hayakupungua hata chembe. Ndiye aliyekabidhiwa bendera ya jeshi katika vita vya Muta na akafa shahidi huko, na mwanawe Usama alibaki kipenzi cha Mtume. Jina ndilo lililobadilishwa. Malezi hayakukatazwa wakati ule na hayakatazwi leo. Na ile hadithi ya Mtume aliyenyanyua vidole viwili, cha shahada na cha kati, akasema yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa hivyo Peponi, kila mtoto wa chuoni kwetu anaijua.

Baada ya hilo huja suala la umahram, yaani nani ni haramu kuoana na nani na kwa hiyo wanaweza kukaa pamoja bila ya kujistiri, na hapa sitaki kumlaumu mtu, kwa sababu ni suala la kweli ndani ya nyumba. Msichana wa kulea akibaleghe atakaaje na baba mlezi? Mvulana akikua, mama mlezi atajistiri vipi ndani ya nyumba yake mwenyewe? Mimi na mume wangu tulilifikiri sana kabla ya kumchukua binti tunayemlea. Maalim mmoja wa hapa Wete ndiye aliyetutoa kwenye wasiwasi. Mtoto asiyetimiza miaka miwili akinyonyeshwa, huwa mtoto wa kunyonya kwa aliyemnyonyesha, na undugu huo huenea kama ule wa kuzaliwa katika kuharamisha ndoa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, zinatakiwa mara tano mbalimbali. Binti yangu wa pili wakati huo alikuwa ananyonyesha. Akamnyonyesha mtoto huyu pamoja na wake, na tangu hapo mume wangu ni babu yake wa kunyonya na wanangu wa kiume ni wajomba zake. Mambo yakaisha. Asiye na binti anaweza kuwa na dada, na mume anaweza kuwa na dada pia: dada wa mume akimnyonyesha mtoto wa kike, mume huwa mjomba wake. Kila nyumba na hali yake, na kila mtu amuulize sheikh wake. Nasikitika kwamba fatwa nyepesi kama hii haifiki kwa watu, na mtoto mchanga anapitisha ile miaka miwili yote kituoni huku watu wakisema haiwezekani.

La tatu ni mirathi. Mtoto wa kafala harithi, ni kweli. Lakini uko wasia, nao unaruhusiwa hadi thuluthi moja ya mali kwa asiyekuwa mrithi. Iko hiba, unampa ungali hai, kwa maandishi na mashahidi. Mwenye mikarafuu aweza kumtengea mtoto shina zake leo. Anayesema namwonea huruma mtoto kwa sababu hatanirithi, kisha asiandike hata wasia, huruma yake haijamfikia mtoto.

Nimesema tuandikishane, na hili naliwekea mkazo, kwa sababu sisi Wazanzibari kulea hatukufundishwa na mtu. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija huku Pemba, na MV Skagit ilipozama Julai 2012, ami, shangazi, mama wadogo na mabibi waliwachukua watoto waliobaki bila ya kungoja kuambiwa. Hiyo ni sifa yetu na nitaisema popote. Kasoro ni kwamba malezi yetu mengi ni ya mdomo, na mdomo hautoshi siku mlezi anapofariki.

Katika shehia niliyowahi kuishi palikuwa na bibi aliyemlea msichana tangu uchanga wake. Hakuwa na damu naye. Mtoto alimpikia, akamwogesha alipougua, akamkalia usiku na mchana. Bibi alipofariki, hitma ikasomwa, na kabla ya arubaini warithi wakaja kupima nyumba. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haki yao ya mirathi na wakaifuata. Lakini yule msichana hakuandikwa popote: hakuwa na wasia, hakuwa na hukumu ya mahkama, na cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho kwa sababu hapana aliyekishughulikia. Skuli walipokitaka hakujua amwendee nani. Akazungushwa nyumba mbili tatu, akaishia kufanya kazi za ndani mjini kwa watu asiowajua. Bibi yule alimpenda, mimi ni shahidi. Mapenzi yake yalikosa karatasi.

Na wako wanaolea kwa mdomo kwa sababu mdomo unawafaa. Mtoto anatolewa Micheweni kwa ahadi ya kusomeshwa mjini. Akifika anaamshwa alfajiri kuteka maji, kufagia na kubeba mtoto wa mwenye nyumba. Skuli haioni. Anayemtaka mtoto wa namna hiyo asiitaje kafala. Aajiri mtu mzima na amlipe.

Ndiyo maana sikuchukia afisa wa Ustawi wa Jamii alipokuja kwetu akaangalia tunapolala, akazungumza na wanangu wakubwa na akamuuliza sheha habari zetu. Majirani waliona tumedhalilishwa. Mimi niliona kuwa kuna mtu wa tatu anayemjua mtoto huyu na atakayemuulizia tusipokuwapo.

Naweza kuulizwa, kwani kituoni kuna ubaya gani? Wanalishwa, wanasomeshwa. Ni kweli, na walezi wa kituo cha Mazizini na wale akina mama wa kijiji cha watoto cha SOS kilichopo mtaa wa Mombasa, Unguja mjini, wanafanya kazi ambayo wengi wetu tungeishindwa ndani ya wiki. Lakini mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja wa kumng'ang'ania. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, wataalamu wa Kimarekani Nelson, Fox na Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopelekwa wakawapita wenzao kiakili, na waliofaidika zaidi ni wale waliopata familia kabla ya kufika miaka miwili. Vituo vya Romania vya wakati ule vilikuwa na hali ngumu sana, wala sivilinganishi na vyetu. Ila umri ule wa miaka miwili ndio ule ule wa kunyonya niliousema juu, na mtoto hangoji sisi tumalize kujadiliana.

Nisieleweke kwamba watoto wakubwa waachwe. Watu wakija kuomba mtoto hutaka mchanga, na aghlabu wa kike. Mvulana wa miaka minane, mtoto mwenye ulemavu, ndugu watatu wasiotaka kutenganishwa, hao hawaulizwi. Mwenye uwezo aanze kuuliza habari za hao.

Pia si kila aliye kituoni ni yatima. Duniani kote watoto wengi wa vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na umasikini ndio uliowatoa nyumbani. Ikiwa bibi yake Kojani au Makunduchi yuko na anamtaka, basi mchele ule upelekwe kwa bibi. Tangu 2016 Serikali inawalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na kuendelea, na sote tunajua fedha hiyo inavyoishia kwenye sare na madaftari ya wajukuu. Familia ya damu kwanza, na isipopatikana, ndiyo zamu yetu.

Kwa hiyo nawaomba masheikh watupe khutba moja tu ya Ijumaa juu ya kafala, pamoja na umahram na wasia, kwa lugha ya nyumbani. Naiomba Wizara inayoshughulikia watoto ieleze redioni, hatua kwa hatua, mtu aanzie wapi na angoje nini, kwa sababu wengi hawajui hata kuwa ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya yao inahusika.

Nawe Mhariri nina ombi. Picha za watoto wamesimamishwa nyuma ya magunia ya mchele, nyuso wazi, na majina ya watoaji chini yake, tafadhali acheni kuzichapa. Mtoto huyo ana skuli ya kwenda Jumatatu na wenziwe wanasoma magazeti. Chapeni magunia, chapeni watoaji wakitaka, na nafasi itakayobaki elezeni utaratibu wa kuomba kafala.

Wako katika kulea,
Mama mlezi, mwalimu mstaafu
Wete, Pemba