Upasuaji haukuongeza nguvu kwenye mkono wa Tommy John

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa zenu za michezo mliandika habari ya kijana mrushaji wa besiboli huko Marekani aliyekatika ligamenti ya kiwiko, yaani utepe unaoshikanisha mfupa na mfupa. Mkamalizia kwamba atafanyiwa upasuaji wa Tommy John na atarudi na mkono wenye nguvu kuliko ule wa mwanzo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Nimestaafu kazi ya tiba ya viungo, na viwiko nimevishika vingi. Sijaona hata kimoja kilichotoka chumba cha upasuaji kikiwa na nguvu kuliko kilivyoingia.

Tommy John mwenyewe hamkumweleza hata kidogo, na sitashangaa wasomaji wakidhani ndiye daktari. Daktari aliitwa Frank Jobe. Tommy John alikuwa mgonjwa, mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya Los Angeles Dodgers, na Julai 17, 1974 alipopanda kuwarushia wapinzani wao Montreal Expos alikuwa na umri wa miaka 31, ameshinda mechi 13 msimu huo na kupoteza 3 tu. Akarusha mpira, kiwiko kikaachia. Akajaribu tena, ikashindikana, akatoka uwanjani kwa miguu yake. Enzi hizo mrushaji wa namna hiyo alikwenda kutafuta kazi nyingine.

Septemba 25 mwaka huohuo Jobe alimfanyia jambo ambalo halijawahi kufanyiwa mrushaji. Alichukua kano, yaani kamba inayoshikanisha msuli na mfupa, kutoka kigasha cha mkono wa kulia, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto na kulipitisha kano humo, likae mahali pa ligamenti iliyokatika. Anayetaka kuliona kano lenyewe agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kifundo cha mkono kidogo. Kamba nyembamba inayosimama katikati ndiyo hiyo. Wapo watu wasiokuwa nayo kabisa tangu kuzaliwa, na hawapungukiwi na kitu. Jobe alimweleza kwamba nafasi ya kurudi kurusha ilikuwa kama moja katika mia.

Sasa ndugu zangu waandishi huruka moja kwa moja hadi kwenye ushindi. Mimi naomba tusimame kidogo. Baada ya upasuaji ule neva ya kiwiko ilimsumbua, vidole vikajikunja, na ikabidi kiwiko kipasuliwe tena. Mwaka 1975 wote hakucheza mechi hata moja ya ligi kuu. Alianza kurusha huku vidole vikiwa vimefungwa plasta ili viweze kuushika mpira. Watu wa kazi yangu tunaujua mwaka wa namna hiyo. Mgonjwa hulia kwa hasira kwa sababu ameshindwa kuzungusha kitasa cha mlango, na wewe unamwambia vizuri, kesho tena. Hakuna mpiga picha anayekuja siku hiyo.

Alipata pia msaada wa mchezaji mwenzake, Mike Marshall, mrushaji aliyekuwa msomi wa mambo ya mwendo wa mwili. Huyo alimsaidia kubadili namna ya kurusha. Kwa hiyo aliyerudi Aprili 1976 hakuwa na kano jipya tu, alikuwa na mwendo mpya, na msimu huo alishinda 10 na kupoteza 10.

Najua kuna atakayenibana hapa: mbona kabla ya upasuaji hakuwahi kufikisha ushindi 20 kwa msimu, na baadaye akafikisha mara tatu, 1977, 1979 na 1980? Ni kweli. Lakini mrushaji hashindi peke yake, wenzake lazima wapate alama. Miaka mingi ya mwanzo alikuwa na Chicago White Sox, timu iliyokuwa dhaifu kwa kupiga. Baadaye alikuwa na Dodgers, kisha New York Yankees, timu za kufika World Series, yaani fainali ya ubingwa. (Akapoteza zote tatu alizocheza: 1977 na 1978 akiwa Dodgers mbele ya Yankees, na 1981 akiwa Yankees mbele ya Dodgers. Hilo halihusu kiwiko, ila nimeshindwa kuliacha.)

Tena hakuwa mtu wa kasi. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama unapomfikia mpigaji, ukipigwa unaviringika chini na walinzi wanaumaliza. Kwa mpira huo alifika 1989, akiwa na miaka 46. Alikuwa na ushindi 288: 124 kabla ya kisu, 164 baada yake.

Kwa nini nashikilia hili? Kwa sababu wapo wazazi na makocha Marekani wanaoamini kwamba upasuaji huu unaongeza kasi, na wengine wako radhi ufanyike hata kwa kijana ambaye kiwiko chake hakijaumia. Takwimu za huko za kati ya 2007 na 2011 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 19. Mwaka 2014 ligi kuu yenyewe ilishiriki kutoa mwongozo wa kuwapunguzia watoto mzigo: wa miaka 7 na 8 wasizidishe mipira 50 kwa siku, wa 17 na 18 wasizidishe 105, na kila mwaka mkono upumzike miezi kadhaa. Anayesoma kwamba mkono hurudi na nguvu zaidi atauhesabu mwongozo huo kuwa woga.

Jobe alipewa heshima mwaka 2013 huko Cooperstown, yaliko makumbusho ya magwiji wa besiboli, kabla ya kufariki 2014. Tommy John, katika kura yake ya mwisho ya waandishi ya kuingizwa humo kama gwiji, mwaka 2009, alipata asilimia 31.7 wakati zinahitajika 75. Mimi ningempa yangu.

Ninachoomba kwenu ni kifupi: sahihisheni ile sentensi. Na mkichapisha jedwali la misimu yake, msiuruke mwaka 1975 kwa kuwa hauna tarakimu.

Msomaji wenu,
Mtaalamu mstaafu wa tiba ya viungo