Risala ya Kikundi cha Utafiti wa Faji kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Karibu Kigoma, mwisho wa reli. Sisi ni mafundi sanifu wa maabara, walimu na wanafunzi wa sayansi. Tulianza kwa kuchota maji ya Ziwa Tanganyika pale Kibirizi, Katonga na Ujiji, tukitafuta faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Tuna rejesta ya sampuli, jokofu la nyuzijoto 4, na vijana wanaochuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kusoma madoa, yaani sehemu ambazo faji wameua bakteria, kwenye agari (rojo ya kuoteshea bakteria) ya tabaka mbili kwa ustadi wa kuigwa na taifa zima.

Mheshimiwa, kilio chetu ni kimoja: kuzifikisha jenomu za faji zetu, yaani maandishi kamili ya DNA yao, kwenye kanzidata za pamoja. Jenomu ikisajiliwa GenBank, kanzidata ya Marekani, huonekana pia katika kanzidata wenza za Ulaya na Japani, maana hubadilishana data kila siku. Jenomu iliyokamilika ni nyepesi. Ya faji T4, yenye jozi besi (herufi za DNA) zipatazo 169,000, haifiki megabaiti moja. Mzigo ni data ghafi za mashine ya kusoma DNA, gigabaiti kwa gigabaiti. Bando likiisha au mtandao ukikatika katikati, faili hufika nusu na hukataliwa.

Tena, kabla ya kupakia lazima kulinganisha jenomu na zilizokwisha kusajiliwa. Faji mbili zinazofanana kwa zaidi ya 95% ya jenomu nzima huhesabiwa spishi moja. Asiyelinganisha hutangaza kuwa mpya faji iliyokwisha kujulikana. Ulinganisho hufichua pia jeni za sumu. Faji CTX ndiyo inayobeba jeni za sumu ya kipindupindu, na faji ya namna hiyo haifai kabisa kwa tiba ya kuua bakteria wa magonjwa. Kompyuta yetu ya RAM GB 4 hukwama hapo, na umeme ukizimika kazi huanza upya. Bakteria mwenyeji (yule ambaye faji humshambulia), tarehe na mahali tulipochota tumeviandika vyote, ila mtafiti wa mbali hawezi kufungua daftari lililo kabatini kwetu.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi vifaa vya kutuondolea shida hizi, tukampigia makofi. Barua zetu za kukumbusha ziligongwa muhuri wa kupokelewa, basi. Tunajua majukumu ya viongozi ni mengi. Wewe, kwa heshima zote, tunakuomba ahadi uitaje pamoja na tarehe.

Hatuombi fedha taslimu. Tunaomba kompyuta moja ya RAM GB 32 yenye diski ya terabaiti 2, UPS (betri ya akiba) ya kuilinda umeme ukikatika, na laini ya faiba hadi maabara, ikiwa imelipiwa mwaka mzima.

Tunaomba kuwasilisha.