Mvua hakuna, trela inavuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua wasomaji wa nyumbani watashangaa paa la Iowa, huku Marekani, linahusiana nini na wao, ila sisi wa huku tunawasoma sana kwenye simu, na wengi wetu tumenunua hizi nyumba za trela kuukuu maana kodi ya apatimenti imetushinda. Yangu ni ya 1979. Kwa asiyeijua, ni nyumba iliyoundwa kiwandani ikavutwa na lori mpaka kwenye kiwanja, ndefu nyembamba kama behewa, imekalishwa juu ya matofali na chini yake wanapita paka, panya na baridi. Paa ni bati karibu bapa, na kati ya bati na silingi bodi hakuna dari ya mtu kupanda, ni uwazi mwembamba tu uliojazwa pamba ya kioo ya kuzuia baridi.

Sasa winta ya kwanza silingi ya chumba cha watoto ikatoa doa la kahawia, mwanzo kama kisahani, wiki mbili mbele kama sinia. Nikaita fundi, akapanda akashuka, akasema bati limechoka dawa yake ni kupaka. Tukangoja joto lirudi, mwezi wa tano akapaka lile dude jeupe la mpira, dola 900, na kweli lilipendeza, linang'aa kama kanzu ya Idi. Winta iliyofuata doa likarudi, tena na ndugu zake wawili. Fundi kumpigia akasema turudie koti la pili, na mi hapo nilikuwa karibu nimwambie aje.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, Kongo. Alikuja Februari kurudisha sufuria, jua linawaka, mbingu haina wingu, theluji ya juu ya paa nilishaikwangua zamani, na maji yanadondoka kwenye ndoo sebuleni to, to, to. Akaangalia ndoo, akaangalia dirisha, akaniambia, "Baba, mvua haiko, hii maji inatoka wapi?" Nikakosa jibu. Misimu miwili nimehangaika na maji yanavyoingia, kumbe hakuna kilichokuwa kinaingia.

Kesho yake alfajiri kabla jua halijapanda nikazima umeme, nikafungua taa ya silingi nikaingiza tochi ya simu. Jamani! Bati kwa ndani limeganda jeupe kama friza ya zamani, na kila ncha ya msumari ina kidonge chake cha barafu. Jua likipiga ile barafu inayeyuka, pamba inanyonya mpaka inashindwa, ndo unapata doa. Nikakumbuka nyumbani Makete, jiko la bibi halikuwa na silingi, asubuhi za Juni matone yanatudondokea shingoni na nje hakuna mvua, bibi anasema mabati yanatoka jasho. Yaani jibu nilikuwa nalo tangu utoto.

Jasho lenyewe ni letu. Tuko watu sita, tunaoga, tunapumua, nguo zinakauka kwenye kamba koridoni, maharage yanachemka masaa matatu bila mfuniko. Ule mvuke unapanda kwa kila tundu la taa na la paipu mpaka ukutane na bati la baridi. Mbaya zaidi nikafuata paipu ya feni ya bafu nione inatokea wapi nje, haitokei popote, imeishia humohumo juu ya silingi, kwa hiyo kila aliyeoga alikuwa anaogesha pamba. Halafu kuna hita yetu ya mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi, hiyo galoni moja ya mafuta ikiungua inatoa kama galoni moja ya maji hewani, ukiachia mbali ile gesi ya kaboni monoksaidi ya kuua watu usingizini. Hiyo nimeitoa kabisa, na kama unayo itoe leo.

Nilifanya hivi. Feni nikaipitishia bomba mpaka nje juu ya bati na kofia yake. Matundu ya taa na paipu nikayaziba (bomba la moshi la tanuru, ile mashine ya kupasha nyumba joto, usiliguse na povu wala silikoni ya kawaida, linataka bati na gundi ya kuhimili moto). Chini ya trela nikatandika nailoni nzito, maana udongo nao unapumua. Chumba cha watoto nilibomoa silingi, pamba ilitoka nzito kama godoro lililoloa, kuvu jeusi, nilivaa barakoa na watoto wakalala kwa shangazi yao. Nikanunua na kile kisaa cha kupima unyevu, dola 12, siku ya kwanza kilisoma asilimia 62, sasa hivi kinacheza 35 mpaka 40. Mama watoto amekataa kufunika maharage, anasema yanafoka, basi tumekubaliana feni iwake.

Sisemi kupaka ni wizi. Bati kuukuu linatoboka kweli, hasa kwenye maungio na shingo za mabomba, lakini hilo litavuja hata Julai, joto la huku, mvua ikinyesha. Likivuja Februari jua likiwaka na juu hakuna theluji, weka hela mfukoni kwanza. Na asikudanganye mtu upige paa jipya juu ya lile lililoloa, utakuwa umeyafungia maji ndani. Wenye kipato kidogo waulizie Weatherization, ni mpango wa serikali kuu tangu 1976 wa kurekebisha nyumba zisipoteze joto, wewe hulipi kitu, na trela nazo zinahesabika, maombi yanapitia mashirika ya misaada ya eneo unaloishi. Foleni ipo.

Yule mama wa Uvira naye ana doa. Jumamosi nilienda kwake nikafungua feni ya bafu, yeye hata hiyo paipu hana.

Msomaji wenu,
Des Moines, Iowa, Marekani