Unaniuliza nafanya nini kwenye bafu la watu

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shosti wangu,

Za Bukoba? Mama hajambo? Mi mzima, mikono tu ndo inanuka fiksa, ile dawa ya kusafishia picha, hata nikiisugua na sabuni ya mche, juzi kwenye daladala dada mmoja kanihama siti kabisa nikacheka mwenyewe. Voisi zako nimezisikiliza zote na nimeona swali moja umelirudia rudia kwa hiyo najua linakukera kweli: inakuwaje mtu mwenye simu nzuri anajifungia kwenye bafu la watu na joto lote hili la Dar anasafisha picha za mkanda, nyeusi na nyeupe. Nilikujibu ni kazi ya chuo. Ndiyo ni ya chuo, lakini ningepiga kwa kamera ya dijitali na mwalimu asingesema kitu, kwa hiyo lile halikuwa jibu. Chemsha chai ukae, hii ndefu.

Bafu lenyewe ni la mzee mmoja mwenye studio Temeke. Studio ya jina tu, sa hivi ni paspoti saizi, fotokopi na kulaminisha vyeti vya watu, mi mwenyewe nilienda kutoa kopi za notsi. Sasa wakati nasubiri nikaona nyuma ya pazia kitu kirefu kimefunikwa kanga, nikamwamkia tena kwa heshima zote nikamuuliza, mzee kile ni enlaja, ile mashine ya kukuzia picha? Akanitazama. Akasema wewe umeijuaje. Ikatoka Durst moja ya Kiitaliano, lenzi ina ukungu kidogo pembeni, balbu nzima. Toka siku hiyo nalipia kwa kumfagilia na kumsaidia foleni ya fotokopi asubuhi, na jioni akifunga mlango wa mbele bafu linakuwa langu.

Wewe unajua ile taa nyekundu ya kwenye muvi. Ile ni ya karatasi peke yake, karatasi ya kusafishia haioni nyekundu ndo maana unaweza kukaa nayo hivyo. Mkanda wenyewe unaona rangi zote, kwa hiyo kuutoa kwenye kopo na kuuviringisha kwenye rili mpaka uingie kwenye tenki ufunikwe ni giza totoro, vidole tu ndo vinaona, na mzee alinikalisha barazani na mkanda mmoja mbovu nimefumba macho navingirisha na kuvingirua huku wateja wake wanauliza huyu mtoto ana nini. Ila kuna raha moja ya Kibongo kwenye hiyo hatua, umeme ukikatika mtaa mzima unaguna mi ndo natabasamu, hata taa ya jirani inayopitisha mwanga chini ya mlango inazima. Ukirudi kwenye enlaja sasa hapo kukatika kwa umeme ni msiba.

Shida kubwa ni maji aisee. Natumia mkanda wa HP5 na developa ya D-76, yaani dawa ya kuleta picha, na vitabu vyote vinasema nyuzi joto 20, dakika saba na nusu. Maji ya bombani hapa yakishakaa kwenye tangi la juu ya paa mpaka saa nane mchana, hizo 20 sahau. Unaweza kupunguza muda kwa sababu joto likipanda dawa inafanya kazi haraka, ila ukishashuka chini ya dakika tano mkanda unaanza kutoka na mabakabaka, dawa haijapata nafasi ya kutembea sawasawa. Kwa hiyo nanunua barafu za mama wa jirani, naziweka kwenye beseni, chupa za dawa zinakaa humo, barafu NJE ya chupa maana ikiyeyuka ndani umeshaizimua dawa. Na siyo developa peke yake inayopoozwa, zote, mpaka maji ya kusuuzia. Ile ngozi laini ya mkanda ni jelatini, mifupa na ngozi za ng'ombe hizo, ukiitoa kwenye baridi ukaitumbukiza kwenye maji ya moto inajikunja vimistari vidogo vidogo na haikunjuki tena. Kuna watu wanafanya hivyo makusudi eti sanaa. Sawa, wao wana mikanda ya kuchezea, mi mkanda mmoja ni hela yangu ya kula wiki.

Sasa nije kwenye kitu chenyewe.

Kazi niliyopewa ni hadithi ya picha, zisizidi kumi, ya mtu mmoja na kazi yake. Nimemchagua mama mmoja wa samaki wa kukaanga huku huku Temeke. Alfajiri yuko Feri kwenye mnada, anarudi na ndoo kwenye daladala konda ananuna kwa harufu, anapaa magamba uani, anakaanga, jioni yuko barabarani na meza yake na koroboi. Mwalimu alituonyesha ile kazi ya mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith ya daktari wa kijijini, jarida la LIFE la huko huko waliitoa mwaka 1948, jamaa alienda mji mdogo wa Kremmling kule Colorado akaganda na daktari mmoja wiki kadhaa, mpaka ikafika daktari hamwoni tena. Kuna picha humo daktari amesimama jikoni usiku, kashika kikombe cha kahawa na sigara, katoka kumpoteza mama na mtoto kwenye upasuaji wa kujifungua. Hakuna damu wala kitanda. Kikombe tu na yule mtu alivyolegea. Nikasema mi nataka ile, basi nikawa natafuta uso wa mama umechoka, napiga nyuso, nyuso, nyuso.

Halafu nikasafisha kontakti. Kontakti ni pale unapolaza vipande vyote vya mkanda juu ya karatasi moja, sita kwa sita, unapata fremu zote 36 ndogo ndogo kwa pamoja. Na shosti, hapo ndo unajiona mwenyewe ulivyokuwa unawaza. Kwenye simu picha moja inafuta nyingine, unateleza na kidole umesahau, ila kontakti ipo mezani mpaka kesho inakutazama. Nyuso zangu zote zilikuwa za mtu anayepigwa picha. Mama kachoka, ndiyo, ila kachoka kwa ajili yangu. Chini kabisa kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na fremu niliyopiga kumaliza mkanda tu: daftari lake la madeni. Lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limelowa mafuta, kidole chake kimetua kwenye jina la mtu, na upande wa pili wa meza unaona mkono wa mteja unachukua kipande kingine cha samaki kwa mkopo. Hadithi yote ipo hapo. Mama anauza samaki lakini anachoendesha ni benki ya mtaa, na anajua nani atalipa na nani ni wa kuombewa dua.

Nikaiweka kwenye enlaja. Unaanza na kipande cha kujaribia, unafunika karatasi na kadibodi unasogeza kila sekunde tano, unatoka na ngazi ya vivuli kutoka mweupe mpaka mweusi, unachagua. Ukishapata muda wa karatasi nzima ndo kazi inaanza maana picha haitaki mwanga sawa kila mahali. Pale panapozidi weusi unakinga, nimejitengenezea waya wa hanga na kijiduara cha kadibodi unautikisa tikisa juu ya mkono wa mteja ili mpaka wa kivuli usionekane. Pale palipo weupe unachoma, unaziba kote kwa viganja unaacha katundu, unaongeza sekunde. Basi kila sekunde pale ni uamuzi, huyu nimpe mwanga, huyu nimnyime. Ukurasa wa daftari ulikuwa mweupe sana, majina yanasomeka, yaani ungeona mama fulani anadaiwa elfu ngapi, na mtaa wetu unaujua. Nikauchoma. Nikauchoma tena. Mpaka mwandiko umebaki unaonekana kuwa ni mwandiko, mistari ipo, wino upo, jina la mtu hulipati.

Mzee alivyoiona ikining'inia kwenye kamba akasema umeificha. Nikasema ndiyo. Akasema basi si bora ungemuunganishia na ule uso mzuri wa kwenye fremu ya juu, negativu mbili, yaani fremu mbili za mkanda, karatasi moja, mi nimefanya sana hiyo. Na kweli kafanya, kanionyesha picha za harusi, bwana harusi yuko Muscat anatafuta maisha, bibi harusi yuko Temeke, mzee kawakutanisha bafuni humo humo na kivuli kimekaa vizuri huwezi kujua. Na siyo yeye peke yake, Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi haswa wa kuunganisha picha, sura ya mtu anaiingiza ndani ya picha nyingine kabisa na watu wanaweka ukutani kwa furaha. Wanajua. Wamelipia hicho hicho.

Ila nikamwambia habari ya Smith huyo huyo ninayempenda. Mwaka 1954 kampiga Dk. Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gabon, mzee kasimama kwenye ujenzi wa hospitali, na pembeni chini kulia kuna kivuli cha mpini wa msumeno na mkono. Vile vimetoka kwenye negativu nyingine. Kaviweka kwa ustadi mpaka LIFE imechapa na wasomaji wakaamini ndo ilivyokuwa siku ile. Bado ni picha nzuri, sikatai, ila wale familia za Temeke walijua bwana harusi yuko Uarabuni, wasomaji wa LIFE hawakuambiwa kitu. Tuna mpiga picha Mohamed Amin sisi, kakulia hapa hapa Dar na kampuni yake ya picha Camerapix kaianzisha hapa 1963, na picha za njaa ya Ethiopia alizotoka nazo 1984 zilizunguka dunia nzima watu wakatoa michango. Sasa jaribu kufikiria wangekuja kuambiwa moja tu humo imeunganishwa. Nani angetoa tena senti?

Mzee akanyamaza, akasema na wewe uliyechoma majina? Tukabishana mpaka saa ya kufunga, kaninunulia na chipsi kabisa. Msimamo wangu ni huu, wewe niambie kama unakataa: kuchoma ni kusema hiki sikuonyeshi, na anayetazama anaona kabisa kuna kitu kimefichwa pale, giza lipo. Kuunganisha ni kumwonyesha ambacho hakikuwepo na yeye hana namna ya kujua. Mzee anasema hiyo ni tofauti ya watu wa magazeti, mteja wa studio haina maana kwake. Hapo tumekubaliana kutokukubaliana. Ila mama mwenyewe nilivyompelekea kopi wala hakuangalia uso wake, kaangalia daftari, kasogeza karibu na koroboi, kasema umefanya vizuri hawa ni wateja zangu. Kisha kasema samaki hawaonekani vizuri, nije nipige tena wakiwa kwenye kikaango hivyo kesho jioni naenda, haha.

Sasa naomba kitu, ndo maana barua imekuwa tamu hivi. Developa yangu inaelekea kuisha na kuagiza ni bei. Kuna njia ya kahawa, usicheke, mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Rochester Institute of Technology kule Marekani na wanafunzi wake walisafisha mkanda kwa kahawa ya kopo na soda ya kufulia, baadaye watu wakaongeza vitamini C na ikazidi kuwa nzuri. Wanasema robusta ya bei rahisi ndo inafanya kazi kuliko zile za kifahari, na robusta si ndo mmeikalia nyie hapo. Soda nitajitengenezea, unakaanga ile ya kuokea keki kwenye sufuria kavu mpaka itoe maji na gesi yake. Fiksa bado nitanunua, kahawa inaleta picha tu, madini ya fedha yaliyobaki kwenye mkanda bila kugeuka picha yanaondolewa na fiksa. Harufu yake wanasema ni balaa, mzee kashanionya nisimfukuzie wateja. Nitumie Africafe makopo mawili kwa basi, namba ya konda nitumie kwa meseji, na kama senene zimeanza unajua cha kufanya.

Na zile negativu za babu yako ulizosema zimo kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, zitoe humo leo leo, usizifute kwa kitambaa hata kama zina vumbi, kila moja ifunge kwenye karatasi nyeupe safi isiyoandikwa, shika pembeni tu. Kisha chukua rula unipimie saizi. Zikiwa sentimita sita kwa sita au chini yake enlaja ya mzee inazipokea, zikizidi hapo nitazisafisha kontakti tu, saizi ile ile ya negativu, ila zitatoka.

Wako wa damu,
mimi